Tisheti ya mpenzi wa kahawa: pamba yetu, kahawa yetu, bei ya nani?

Msikilizaji wetu mmoja wa Dutwa, mkulima wa pamba, alitutumia picha kwa simu. Ni picha ya tisheti aliyoinunua mnadani kwa shilingi 3,000. Rangi yake ni ya udongo, kifuani imechorwa kikombe kinachofuka moshi, na chini yake kuna maneno ya Kiingereza. Aliuliza mambo mawili. Kwanza, maneno hayo yanasema nini? Asije akawa anatembea na matusi kifuani. Pili, mbona nguo hii iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine ni laini na nzito kuliko tisheti mpya anazonunua dukani?

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Maneno yale yanasema, kwa kifupi, "usinisemeshe kabla sijanywa kahawa." Ni mzaha wa watu wanaopenda kahawa, hakuna tusi ndani yake. La pili tulimwomba apige picha ya lebo ya shingoni. Lebo ilisema nguo ni pamba asilimia 100 na imeshonwa Bangladesh.

Hapo akaleta swali la tatu, na ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Aliandika: "Sasa kama ni pamba tupu, na sisi Simiyu ndio tunaolima pamba kuliko mkoa wowote Tanzania, katika bei ya nguo hii mkulima anapata ngapi?"

Tumelichukua swali hilo na kulifanyia hesabu, na njiani tumeikuta kahawa, ambayo nayo ni zao la Tanzania. Mambo yaliyoipata kahawa miaka ya karibuni yana somo kwa mkulima wa pamba.

Wapenzi wa kahawa wanavaa nini

Tuanze na hao wenye tisheti. Kwa miaka kadhaa sasa, Marekani, Ulaya, Japani, na hata kwenye miji ya hapa kwetu kama Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, limekua kundi la watu ambao kahawa kwao si kinywaji cha kuchangamsha mwili tu. Wanataka kahawa maalumu. Hiyo ni kahawa ambayo waonjaji waliofunzwa wameikoroga, wameinusa, wameionja kwa kijiko na kuipa alama. Ikipata alama 80 au zaidi kati ya 100, inahesabiwa kuwa kahawa maalumu, na bei yake hupanda juu ya kahawa ya kawaida.

Watu hawa wana mavazi yao. Hawavai suti kwenda kunywa kahawa. Wanavaa tisheti nzito ya pamba, sweta lenye kofia, suruali ya jinzi, na raba miguuni. Mtengeneza kahawa naye huvaa tisheti na juu yake eproni ya kitambaa kigumu. Sababu ni ya kawaida kabisa: kwenye duka la kahawa mtu hukaa saa mbili au tatu akizungumza au akifanya kazi kwenye kompyuta, na anayetengeneza kahawa husimama siku nzima karibu na mvuke na maji ya moto. Nguo ya pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa. Nguo ya poliesta, ambayo hutokana na mafuta ya petroli kama plastiki, hushika joto na harufu.

Wenye maduka na wakaangaji kahawa waliliona hilo mapema, wakaanza kuuza tisheti na masweta yenye nembo zao. Mtu hununua kahawa, hununua na tisheti, akatangaza duka bure barabarani. Tisheti ya namna hiyo Marekani si ajabu kuikuta kwa dola 25 au 30. Ikichakaa kidogo, au mwenyewe akichoka nayo, inatolewa, inafungwa kwenye robota la mitumba, na baada ya safari ya bahari na barabara inamwagwa juu ya turubai mnadani Dutwa.

Kuvaa vazi jepesi kwa ajili ya kahawa hatukujifunza kwa Wazungu. Ukienda Mji Mkongwe Zanzibar, pale Jaws Corner, utakuta wazee kwa vijana wamekaa barazani na vikombe vidogo vya kahawa chungu, wamevaa kikoi au kanzu na kofia, miguuni kandambili, wakibishana siasa na mpira. Kikoi ni pamba. Kanzu nzuri ya joto ni pamba. Watu wa pwani walijua zamani kwamba mtu anayekunywa kitu cha moto kwenye joto anahitaji nguo inayopumua.

Kwa hiyo popote mpenzi wa kahawa alipo, iwe Zanzibar au Chicago, mgongoni ana pamba na mkononi ana kahawa, na mazao hayo mawili Tanzania inayalima yote. Tuone sasa fedha zinavyogawanyika.

Hesabu ya tisheti moja

Tisheti ya kawaida ya mtu mzima ina uzito wa gramu 150 hadi 200. Ile nzito ya wapenzi wa kahawa hukaribia au kupita gramu 200. Ili kuipata, kiwanda kinahitaji pamba nyuzi zaidi kidogo ya uzito huo, kwa sababu nyingine hupotea wakati wa kusokota na kukata kitambaa. Tuseme gramu 230.

Lakini mkulima hauzi pamba nyuzi. Anauza pamba mbegu, ile inayotoka shambani. Ikifika jineri, kama ile ya Kasoli hapa wilayani Bariadi, hutenganishwa nyuzi na mbegu. Kwa makadirio, kilo tatu za pamba mbegu hutoa kilo moja ya nyuzi. Kwa hiyo gramu 230 za nyuzi zinatokana na kama gramu 700 za pamba mbegu.

Tuchukue bei ya shilingi 1,200 kwa kilo ili hesabu iwe rahisi. Gramu 700 ni shilingi 840. Hiyo ndiyo pamba ya mkulima iliyomo ndani ya tisheti moja: shilingi 840. Tisheti hiyo ikiuzwa dola 25, kwa kubadilisha dola moja shilingi 2,500, ni shilingi 62,500. Katika kila shilingi 100 anazolipa mpenzi wa kahawa kule, mkulima anapata shilingi moja na senti kidogo.

Tuitazame kwa ekari. Mkulima akivuna kilo 280 kwenye ekari moja, ametoa pamba ya tisheti 400. Mkononi atapata shilingi 336,000, kabla hajatoa gharama za kulima, dawa, palizi na kuvuna. Tisheti hizo 400 zikiuzwa zote kwa dola 25, ni shilingi milioni 25.

Kabla hujakasirika, msikilizaji, tusikilize na upande wa pili. Milioni 25 hizo haziingii mfuko wa mtu mmoja. Kuna kusokota uzi, kufuma kitambaa, kutia rangi, kukata, kushona, kuchapa maandishi, kusafirisha kwa meli, ushuru, kodi ya pango la duka na mishahara. Tena ile shilingi 840 imelipia na mbegu, ambazo mwenye jineri huzikamua mafuta na kuuza mashudu. Hakuna sheria ya duniani itakayomfanya mkulima apate nusu ya bei ya tisheti.

Ila hesabu inaonyesha jambo moja wazi. Fedha ya pamba haiko shambani. Iko kwenye hatua zinazofuata, na nyingi ya hatua hizo kwa pamba yetu zinafanyika nje ya nchi. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa ikiwa bado ni nyuzi, haijasokotwa hata uzi.

Kahawa ilipanda, pamba ilibaki

Sasa tuilete kahawa karibu. Kikombe kimoja cha duka hutumia kama gramu 18 za kahawa iliyokaangwa, ambazo zinatokana na gramu 21 hivi za kahawa mbichi. Februari 2025 bei ya kahawa aina ya arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, yaani kwa gramu 454. Haikuwahi kufika hapo. Kwa bei hiyo, kahawa mbichi iliyomo ndani ya kikombe kimoja ilikuwa na thamani ya karibu shilingi 460. Kikombe chenyewe kikiuzwa dola 4 na nusu, kahawa mbichi imechukua kama shilingi 4 katika kila 100. Hiyo ni bei ya soko la dunia, mkulima hupata pungufu yake baada ya makato. Hata hivyo ni afadhali kuliko ile shilingi moja ya pamba.

Pamba nayo ilikuwaje? Mei 2022 ilipanda New York hadi zaidi ya dola moja na nusu kwa ratili. Wakulima wa Simiyu wanaukumbuka msimu ule, kwa sababu bei elekezi ilitangazwa shilingi 1,560 kwa kilo. Msimu uliofuata, 2023, ikashuka hadi 1,060. Mwaka 2025, wakati kahawa inavunja rekodi, pamba ilikuwa chini ya senti 70 za dola kwa ratili.

Kwa nini moja ipande na nyingine ibaki? Kuna sababu mbili kubwa.

Ya kwanza ni muda. Mkahawa huchukua miaka mitatu hadi minne ndipo uzae vizuri. Ukame ulipopiga Brazil na Vietnam, nchi mbili zinazoongoza kwa kahawa duniani, hakuna mtu aliyeweza kupanda leo akavuna mwakani. Upungufu ukawa upungufu kweli. Pamba hupandwa kila mwaka. Bei ikiwa nzuri msimu huu, wakulima wenye mashamba makubwa Brazil na Texas huongeza maelfu ya hekta msimu ujao, na bei inarudi chini.

Ya pili ni mshindani. Hakuna kahawa ya plastiki. Mpenzi wa kahawa akikosa kahawa, amekosa. Lakini nguo ya plastiki ipo, nayo ni poliesta. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani kwa ajili ya nguo na vitambaa ni poliesta. Pamba ikipanda bei sana, viwanda huchanganya poliesta zaidi. Hilo ndilo jibu la swali la pili la msikilizaji wetu: tisheti nyingi mpya za bei rahisi zinazofika kwetu zimechanganywa poliesta, au ni poliesta tupu, na ni nyepesi. Tisheti yake ya mtumba ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyelipa dola 25 ili apate pamba.

Mlima una jina, shamba halina

Kuna sababu ya tatu, na hii tunaiona ni kubwa kwetu kwa sababu mikono yetu inaifikia. Kahawa maalumu huuzwa kwa jina la mahali ilikotoka.

Mfuko wa kahawa ya namna hiyo huandikwa nchi, mkoa, mara nyingine chama cha ushirika au kijiji, na urefu wa mlima kutoka usawa wa bahari. Kule Japani jina la Kilimanjaro ni maarufu kwa wanywaji kahawa kwa miongo mingi. Mbinga, Mbozi na Kigoma nazo zimeanza kutajwa na wanunuzi. Zile punje za mviringo zinazokua moja moja ndani ya tunda huchambuliwa na kuuzwa peke yake, na wanunuzi wa Marekani huzitafuta kwa jina la Tanzania. Nyuma ya jina hilo kuna historia ndefu. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilianza mwaka 1933, na leo kina mgahawa wake wa kahawa mjini Moshi ambako mgeni anakunywa kahawa ya wanachama palepale.

Jina peke yake halitoshi. Nyuma yake kuna kazi inayolipwa. Mkulima akichuma matunda mekundu tu, akayapeleka siku hiyohiyo kwenye mtambo wa kumenya na kuosha, akakausha juu ya chanja badala ya chini, kahawa yake hupata daraja la juu na bei ya juu. Akichanganya mabichi na yaliyooza, hushuka. Tofauti ya kazi inaonekana kwenye malipo. Si kila mkulima wa kahawa anaifikia bei hiyo, na wengi bado wanauza kwa bei ya kawaida, lakini mlango upo.

Pamba yetu inakwenda vingine. Inatoka Dutwa, Nkololo, Maswa na Itilima, inachanganywa jinerini, inakandamizwa kuwa marobota, inaondoka. Ikifika kiwanda cha uzi ng'ambo, huchanganywa tena na pamba ya nchi nyingine. Mwishoni lebo ya tisheti inasema "Bangladesh", maana ndiko iliposhonwa. Lebo haisemi ilikolimwa. Ndiyo maana mpenzi wa kahawa anaweza kukuambia kahawa yake imetoka mlima gani, na hajui kabisa fulana aliyovaa imetoka shamba la nani.

Simiyu haikosi mfano tofauti. Wilayani Meatu, tangu mwaka 1994, kampuni ya bioRe imekuwa ikifanya kazi na wakulima wa pamba hai, isiyotumia dawa wala mbolea za viwandani. Pamba hiyo hununuliwa kwa mkataba pamoja na nyongeza juu ya bei ya soko, na nguo zake huuzwa Uswisi na kwingineko kwa wanunuzi wanaotaka kujua nguo yao ilianzia wapi. Ni wakulima wachache ukilinganisha na mkoa mzima, na kilimo hai kina masharti yake magumu. Lakini mfano huo unathibitisha kwamba pamba ya Simiyu inaweza kuwa na jina.

Uzi mmoja wa kiroba

Tuje kwenye jambo dogo linaloonyesha shamba na tisheti zinavyokutana.

Pamba yetu huvunwa kwa mkono. Hiyo ni sifa, kwa sababu mashine za mashamba makubwa huvuna pamba pamoja na majani na vijiti. Ya mkono inaweza kuwa safi kuliko hiyo. Lakini tunaipoteza sifa hiyo tunapoiweka kwenye viroba na mifuko ya salfeti. Mfuko ule ukichakaa huachia nyuzi za plastiki. Nyuzi hizo huingia kwenye pamba, jineri haizitoi zote, zikaenda hadi kwenye uzi na kitambaa. Plastiki ile haishiki rangi inayoshikwa na pamba. Kitambaa kikitiwa rangi nyeusi au ya udongo, ule uzi wa kiroba unabaki mweupe, kama unywele wa mvi kifuani mwa tisheti. Kiwanda kikiona hivyo, kitambaa kinatupwa au kinauzwa kwa bei ya hasara. Mnunuzi hukumbuka pamba ile ilitoka nchi gani, na mwakani anapunguza bei kwa nchi nzima.

Ndivyo ilivyo na maji na mchanga. Wapo wanaoongeza uzito kwa kumwagia pamba maji au kutia mchanga. Kwa siku moja mizani inampendeza aliyefanya hivyo. Ila robota linakusanya pamba ya watu wengi, na mchanga wa mmoja unawachafulia wote.

Tunajua jibu la wakulima, maana tunalisikia kila tunapofungua simu studio: "Nikivuna safi na jirani akitia mchanga, kituoni tunalipwa bei moja. Nijisumbue ya nini?" Wakulima wana haki ya kuuliza hivyo. Utaratibu wa pamba safi na pamba fifi tunao tangu zamani, lakini kama kituoni hautenganishwi kwa vitendo na kwa fedha, mahubiri ya usafi ni maneno matupu. Mkulima wa kahawa hachumi matunda mekundu kwa sababu ni mwema kuliko sisi. Anachuma hivyo kwa sababu analipwa kwa hivyo.

Kwa hiyo hoja yetu ni hii. Kumtaka mkulima wa Dutwa alete pamba safi bila tofauti ya bei ni kumtwisha kazi ya bure. Na kudai bei ya juu huku tunapeleka pamba yenye mchanga na nyuzi za viroba ni kudai kisichowezekana. Mambo hayo mawili lazima yaende pamoja, na mahali pa kuyaanzisha ni kwenye vyama vya msingi, AMCOS, ambako mkulima ana sauti na kura.

Viwanda na mitumba

Wapo watakaosema suluhisho ni kushona tisheti hapahapa. Wazo hilo si geni. Baada ya uhuru nchi ilijenga viwanda vya nguo: Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, na Urafiki Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Wazazi wetu walivaa khanga na vitenge vya pamba ya Usukumani. Baadaye umeme usio wa uhakika, mitambo iliyochakaa, uendeshaji mbovu na nguo za bei rahisi kutoka nje vilivirudisha nyuma. Vichache vinaendelea nchini, na Sunflag ya Arusha ni mfano wa kiwanda kinachoanzia kwenye pamba nyuzi hadi nguo iliyoshonwa.

Mitumba nayo ilijadiliwa ngazi ya juu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikaonywa kuwa zinaweza kupoteza nafasi ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo.

Sisi hatusemi mitumba ni adui. Imewavisha watoto wetu na kuwalisha wauzaji wengi wanaozunguka minada ya Bariadi, Itilima na Busega. Lakini tuone kinachotokea: pamba inaondoka mkoani kwa shilingi 840, inazunguka dunia, inarudi ikiwa imekwisha kuvaliwa, na bado tunainunua 3,000. Tunanunua nguo iliyotumika kwa zaidi ya mara tatu ya bei ya pamba mpya iliyomo ndani yake.

Ukienda mnadani, ukienda kituoni

Tumeahidi kila makala iwe na kitu cha kuondoka nacho. Haya hapa.

Ukichagua nguo, soma lebo ya shingoni au ya ubavuni. Pamba huandikwa kwa Kiingereza "cotton". Ukiona "polyester" kwa asilimia kubwa, jua itakupa joto shambani. Kama lebo imekatwa, omba uchomoe uzi mdogo kwenye pindo na uuchome ukiwa mbali na nguo nyingine. Uzi wa pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukimwagikiwa na kahawa au chai kwenye pamba, suuza kwa maji ya baridi mapema, kisha sabuni. Usingoje ikauke.

Ukivuna, subiri umande ukauke. Tenga safi na fifi tangu shambani, maana ukishachanganya huwezi kutenganisha. Tumia magunia au vitambaa vya pamba badala ya viroba. Shuka kuukuu linafaa kuliko mfuko mpya wa salfeti. Kituoni simama karibu na mizani, soma namba mwenyewe, dai stakabadhi.

Na kwenye mkutano wa AMCOS yako kabla ya msimu, uliza swali hili moja, kisha hakikisha limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao: "Pamba safi na pamba fifi zitapimwa kwenye mizani tofauti na kulipwa bei tofauti mwaka huu, au la?" Jibu likiwa "la", uliza kwa nini.

Msikilizaji wetu wa Dutwa tumemtumia hesabu yote kwa ujumbe wa simu. Alijibu kwamba tisheti ataendelea kuivaa, maana ni nzuri na haina matusi. Ila kwenye mkutano wa chama chao atakwenda akiwa ameivaa, ili akifika zamu ya kuuliza asihangaike kutafuta mfano.

Nawe ukienda kwenye mkutano wenu, tuandikie mlijibiwa nini. Tutasoma majibu yenu hewani.